Mapenzi ya vampaya huchekesha kwa sababu ya miiko

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nitetee aina ya riwaya ambayo kurasa za vitabu huipita mbio: riwaya ya mahaba ambayo mpenzi mmoja ni vampaya, yaani mfu anayeishi kwa damu ya watu, na msomaji anacheka huku akiomba wawili hao wasiachane. Ikitajwa, hutiwa kapu moja na hadithi za kutisha, kisha ikalaumiwa kwamba haitishi. Au hupangwa na vichekesho, ikalaumiwa kwamba mapenzi yamezidi. Lawama zote mbili hutoka kwa mtu ambaye hajaangalia kazi hii inavyofanywa. Ina ufundi wake, nao unaelezeka kama vina na mizani vinavyoelezeka katika shairi.

Vampaya ni kiumbe wa miiko. Jua ni mwiko. Kuingia nyumba ambayo hajakaribishwa ni mwiko. Kioo hakimwonyeshi, chakula hakimshuki, na kila usiku lazima apate damu. Mwandishi wa vitisho huitazama miiko hiyo kama silaha: hapa ndipo adui atakapouawa. Mwandishi wa mahaba ya kuchekesha huichukua ile ile na kuuliza maswali ya nyumbani. Mtu huyu atachumbia vipi? Wazazi wa mchumba atakutana nao saa ngapi, na wakimwandalia chakula atafanyaje? Tai ya shingoni ataifungaje bila kioo? Kicheko huzaliwa hapo. Mapenzi nayo huzaliwa hapo hapo, kwa sababu mwiko wa mmoja ukishaingia ndani ya nyumba unakuwa wa wawili: anayeamka kuziba mapazia kabla ya alfajiri ni yule ambaye jua halimdhuru.

Mbegu ya kicheko hiki si ya juzi. Katika Dracula, riwaya ya Bram Stoker ya mwaka 1897 ambayo hakuna anayeihesabu kuwa kichekesho, mgeni Jonathan Harker anagundua kwamba ngome nzima haina mtumishi hata mmoja. Anamkuta mwenyeji wake, vampaya Dracula, mwungwana wa karne nyingi, akitandika kitanda cha mgeni kwa mikono yake. Baadaye anachungulia kwenye upenyo wa mlango na kumwona akiandaa meza. Stoker aliliandika tukio hilo lilete hofu, maana Harker anatambua kwamba yumo peke yake na kiumbe huyo. Mwandishi wa mahaba ya kuchekesha hana haja ya kubadili tukio lenyewe. Hubadili macho yanayochungulia. Mweke hapo mlangoni mwanamke aliyechoka kutandikia wengine vitanda, na mwanamume wa miaka mia nne anayetandika bila kuambiwa amekwisha kupendeka.

Kosa la kwanza la waandishi wapya ni kuibeba miiko yote kwa pamoja: jua, kitunguu saumu, msalaba, maji yanayotiririka, kioo, mwaliko, udongo wa kwao, na kuhesabu mbegu. Mitatu hadi mitano inatosha, na kila mmoja ufanye kazi mara mbili. Katika nusu ya kwanza ya kitabu uharibu miadi. Katika nusu ya pili uokoe maisha au uyahatarishe. Chukua huo wa mbegu, ambao ni wa kale kweli: katika imani za Waslavi, watu walimwaga mtama au mbegu za mpopi kaburini ili vampaya alazimike kuzihesabu mpaka kuche. Mwandishi makini ataanza sura ya pili na kopo la nafaka lililopinduka jikoni, mpenzi akapiga magoti kuhesabu na chakula cha jioni kikapoa. Sura kumi na tano baadaye mwanamke anamwaga kopo kama hilo kumzuia vampaya adui, na hapo ndipo anapoona kwamba mpenzi wake naye amepiga magoti, bega kwa bega na adui, wote wawili wakihesabu. Tukio moja linachekesha na kutisha kwa pumzi moja. Halikuhitaji uchawi mpya. Lilihitaji kumbukumbu nzuri ya sura ya pili.

Kuchagua miiko ni haki ya mwandishi, wala asiambiwe kwamba anaiharibu asili. Wengi huamini kwamba jua limekuwa likiwaua vampaya tangu mwanzo. Dracula wa Stoker hutembea London mchana, ila nguvu zake hupungua; kufa kwa mwanga wa jua kulikuja na filamu ya Kijerumani ya Nosferatu, mwaka 1922. Basi anayetaka vampaya wake aungue aandike hivyo, na anayetaka awe mdhaifu tu mchana aandike hivyo. Asichoruhusiwa ni kubadili baadaye. Miiko yote iwe imetajwa kabla robo ya kwanza ya kitabu haijaisha, na baada ya hapo isiongezwe wala kupunguzwa.

Anayetoa sababu ya mwiko ajue kwamba amefungua mlango. Ukisema kioo hakimwonyeshi kwa sababu nyuma yake kumepakwa madini ya fedha, sababu inayopendwa siku hizi ingawa Stoker hakuitoa, basi kioo kilichopakwa alumini kitamwonyesha, na kamera ya kidijitali, isiyotumia chumvi za fedha zilizokuwa kwenye filamu ya zamani, itampiga picha vizuri. Hilo si tatizo ukilitumia: mtu ambaye hajauona uso wake kwa miaka mia tatu anaonyeshwa picha yake kwenye simu na mpenzi wake. Ni tatizo pale msomaji anapoliwaza kabla yako.

Mwiko wa jua unadai kalenda. Msomaji wa riwaya hizi huhesabu saa. Ukiipeleka fungate mji wa Tromsø, kaskazini mwa Norwei, ujue kwamba tangu karibu tarehe 20 Mei hadi 22 Julai jua halizami kabisa huko. Na tangu mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari halichomozi. Wapenzi wale wale, hoteli ile ile, miezi sita tofauti: mara moja ni kifungo cha wiki kadhaa chumbani, mara nyingine ni uhuru ambao vampaya hajawahi kuuona. Kitabu kinachomfanya atembee mitaani saa nne za usiku mwezi wa Juni mahali hapo kimempoteza msomaji, hata kama utani wake ni mzuri.

Lakini hesabu inayoharibu vitabu vingi kuliko zote ni ya damu. Mtu mzima ana lita 5 hivi. Mchango mmoja wa damu ni karibu mililita 450, na kanuni za Marekani zinamtaka mchangiaji akae siku 56 kabla ya kutoa tena. Kwa hiyo vampaya anayekunywa kiasi hicho kila usiku bila kumdhuru mtu anahitaji watu 56 wanaopokezana zamu. Hapo pana sura nzima: daftari la zamu, mmoja ameshikwa na mafua na ratiba yote imevurugika, mwingine anataka kujua kwa nini mchumba mwenyewe hayumo kwenye orodha. Akiamua kuweka akiba, chembe nyekundu hudumu siku 42 hivi zikiwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 6 za Selsiasi, si kwenye friji yoyote inayofunguliwa kila mara na wenye njaa. Umeme ukikatika, kuna haraka ya kweli. Mwandishi anayesema tu kwamba alikunywa damu kutoka kwenye mfuko ameikanyaga hazina akapita.

Hesabu hiyo hiyo inasema jambo kubwa kuhusu mapenzi. Mpenzi mmoja hawezi kumlisha. Akitoa mililita 450 kila usiku, kufikia usiku wa tano ametoa lita 2 na robo, na mwili haujapata nafasi ya kutengeneza chembe mpya. Huyo ni mtu wa kukimbizwa hospitali. Riwaya zinazomfanya mwanamke ang'atwe kila usiku huku akizidi kunawiri zinadanganya mahali pasipostahili. Zilizo bora hufanya kinyume: kung'atwa kunakuwa tukio la kila wiki nane, linasubiriwa, linatiwa alama kwenye kalenda, linaahirishwa kwa sababu za kuchekesha, na likifika lina uzito. Adabu ya kusubiri inafanya kazi ambayo kurasa ishirini za maneno matamu haziwezi kuifanya.

Na kama kila anayeng'atwa hugeuka, mambo ni mabaya zaidi. Vampaya mmoja akimgeuza mtu mmoja kila mwezi, na kila mpya akafanya vivyo hivyo, idadi yao huongezeka maradufu mwezi baada ya mwezi. Mwezi wa 33 wamepita bilioni 8 na binadamu wamekwisha. Kugeuka lazima kuwe kugumu, kuwe adimu, na kuwe na gharama. Nitalirudia hilo mbele.

Kwa anayetafuta upole katika unywaji wa damu, amtazame popo mwenyewe. Popo wanaoishi kwa damu, spishi tatu za Amerika ya Kati na Kusini, hawanyonyi. Hukata ngozi na kulamba, na mate yao yana kitu cha kuzuia damu isigande ambacho wanasayansi wamekipa jina la drakulini. Popo asipokula kwa siku mbili tatu hufa. Aliyerudi na njaa hupewa na mwenzake, ambaye hutapika sehemu ya damu aliyokunywa na kumlisha kinywani. Nashangaa waandishi wachache mno wamelitumia hili, maana ni jambo la kuchefua na la huruma kwa pamoja, na mchanganyiko huo ndio unaotafutwa.

Sasa nije kwenye swali la madaraka, ambalo wasioipenda aina hii huliuliza, nao wana haki ya kuuliza. Katika imani za vijiji vya Ulaya ya Mashariki, vampaya alikuwa maiti iliyovimba, yenye uso mwekundu, isiyotamanika. John Polidori ndiye aliyemvika mavazi ya bwana mkubwa katika hadithi yake iliyochapishwa mwaka 1819, na tangu hapo tumemrithi tajiri, mzee wa karne, mwenye nguvu na uwezo wa kuwalegeza watu akili. Mtu wa namna hiyo akimpenda binadamu wa miaka thelathini, mizani imelalia upande mmoja. Riwaya ya mahaba isiyo na kicheko huificha tofauti hiyo kwa huzuni yake: ni mpweke, amejeruhiwa, msamehe. Ya kuchekesha huisawazisha mbele ya macho ya msomaji. Mwanamke ndiye anayejua dunia ya leo inavyokwenda. Yeye ndiye hujaza fomu, hulipa kwa simu, hujua kwamba kauli fulani haisemwi tena mbele za watu. Kila anapomsahihisha, kilo moja inahamia upande wake wa mizani.

Kizuizi kikubwa ni ile nguvu ya kuwalegeza watu akili. Ikiwa vampaya anaweza kumwamuru mtu ampende, msomaji hatajua kamwe kama "ndiyo" ya mwanamke ni yake mwenyewe. Tazama walivyolitatua waandishi wawili. Charlaine Harris, katika Dead Until Dark ya mwaka 2001, alimweka Sookie Stackhouse, mhudumu wa baa anayesikia mawazo ya watu bila kutaka. Uchumba umemshinda kwa sababu anasikia kila anachowaza mwanamume aliyeketi mbele yake. Vampaya kwake ni kimya. Hamsikii, na yeye vampaya hawezi kumlegeza. Lynsay Sands, katika mfululizo wake wa familia ya vampaya ya Argeneau, alipita upande wa pili: dalili kwamba vampaya amempata mwenza wa maisha ni kwamba akili ya mtu huyo hawezi kuisoma wala kuiamuru. Mmoja amefunga mlango kwa nje, mwingine kwa ndani, na matokeo ni yale yale. Kiumbe aliyezoea kujua bila kuuliza inabidi aulize. Anakosea kukisia, anaomba radhi, anauliza tena. Hiyo ndiyo injini ya kicheko katika sura za katikati, na ndiyo dhamana ya ridhaa. Nisingemshauri mwandishi yeyote aanze kitabu kabla hajaamua jinsi atakavyoufunga mlango huo.

Mwiko wa mwaliko hufanya kazi ya jirani. Kwa Stoker, vampaya akishakaribishwa mara moja huja apendavyo. Katika mfululizo wa Harris mwaliko unaweza kufutwa, na mwenye nyumba akiufuta, miguu ya vampaya humtoa nje kinyumenyume, atake asitake. Mageuzi madogo, lakini yamempa mwanamke neno la mwisho ndani ya nyumba yake, na yamewapa wapenzi ugomvi ambao mwisho wake unaonekana kwa macho.

Mfano wa tukio la mwanzo lililojengwa sawasawa uko katika How to Marry a Millionaire Vampire ya Kerrelyn Sparks, ya mwaka 2005. Vampaya amepoteza chonge moja. Ana usiku mmoja tu wa kuirudisha, kwa sababu mwili wake hujiponya na pengo likishaziba atabaki kula kwa upande mmoja milele. Anahitaji daktari wa meno usiku ule ule. Anayempata anaogopa damu. Hesabu vipande: kitu kimoja kidogo kilichoharibika, saa moja inayokwenda, mtu mmoja tu anayeweza kusaidia, na sababu moja ya yeye kushindwa. Hakuna hata kimoja ambacho ni utani. Vimepangwa tu vikagongana, na mgongano ndio unaochekesha. Mwandishi anayeanza angefanya vizuri kuandika vipande vinne vya namna hiyo kwenye karatasi kabla ya kuandika sentensi yoyote ya kuchekesha.

Yanayoharibika baada ya hapo yanajulikana. Baya kuliko yote ni kuweka utani katikati ya hofu: mtu ameshikwa koo na bado anatupa maneno, msomaji anaelewa kwamba hakuna atakayeumia, na kuanzia hapo mapenzi nayo hayana cha kupoteza. Kicheko kije kabla ya hatari, kimlegeze msomaji, kisha kinyamaze. Lingine ni wahusika wote kuchekesha kwa sauti moja. Vampaya mwenyewe asijue kwamba anachekesha. Awe na heshima zake, na maneno yake yawe ya kweli kabisa kwake. Mwanamke mzembe anayejikwaa kila ukurasa amechosha. Mwanamke hodari wa kazi yake aliyekutana na jambo lisilomo katika kazi hiyo hachoshi. Utani unaotegemea watu mashuhuri wa mwaka wa uandishi hufa haraka, na katika kitabu ambacho mhusika wake haishi kuishi, unakufa vibaya.

Na mwisho. Chama cha waandishi wa mahaba cha Marekani, Romance Writers of America, kimeieleza riwaya ya mahaba kwa mambo mawili: mapenzi yawe kiini cha hadithi, na mwisho uridhishe na kuwa wa matumaini. Kwa vampaya, sharti la pili ni gumu, kwa kuwa mmoja atazeeka na mwingine hatazeeka. Njia ni tatu: binadamu ageuke, vampaya arudi kuwa binadamu, au wakubali kuishi na tofauti hiyo. Zote zinafaa ikiwa bei imetajwa kabla ya nusu ya kitabu na inalipwa mbele ya macho yetu. Pete ya ajabu inayogunduliwa sura ya mwisho na kuondoa mwiko wa jua ni usaliti. Msomaji alicheka kurasa 300 kwa sababu ya mwiko ule. Ukiufuta bure, umemwambia kwamba alichokuwa akikicheka hakikuwapo.

Neno dogo kwa watakaoziandika au kuzitafsiri kwa Kiswahili, maana lugha yetu imejaliwa kwa kazi hii. Tumieni "vampaya". "Mnyonyaji" limekwisha kushikwa na siasa, na "mumiani" ni mchukua damu wa kuogopwa, asiye na mapenzi. "Chonge" tunalo, fupi na kali. Na utani mkubwa uko kwenye tabaka za lugha: mzee wa karne tano aseme kwa Kiswahili cha tenzi, "ewe mwandani wangu, ujapo niamuru nitakwenda," na mpenzi amjibu kwa lugha ya leo kwamba aache maneno, ashike fagio. Msitafsiri utani wa maneno ya Kiingereza neno kwa neno. Tafuteni kilichokuwa kinagongana, mkigonganishe upya kwa maneno yetu.

Kwa hiyo Mhariri, ombi langu kwa ukurasa wako wa vitabu ni hili: riwaya ya aina hii ikifika mezani, mhakiki aorodheshe miiko iliyotajwa katika robo ya kwanza, kisha aende sura tatu za mwisho na kuangalia ni mingapi imesimama, na ni nani aliyeibeba.

Msomaji wa riwaya za mahaba